Namba Hasi Isipuuzwe

Ukibonyeza herufi kwenye kibodi, prosesa huiacha kwa muda kazi iliyokuwa ikifanya, huishughulikia herufi yako, kisha hurudi ilipoishia. Ishara inayoisimamisha huitwa katizo. Kila katizo lina namba yake, na draiva, yaani programu inayosimamia kifaa, haina budi kuipata namba hiyo kwanza.

Katika Linux, draiva nyingi huiomba kupitia fankisheni platform_get_irq. Ombi likifaulu, jibu huwa namba chanya. Likishindikana, jibu ni namba hasi, na kila moja ina maana yake. Hasi 6 husema katizo hilo halipo. Hasi 517 husema chipu inayogawa makatizo bado haijawa tayari, hivyo jaribu tena baadaye. Utaratibu huo wa kuahirisha uliingizwa Linux mwaka 2012, kwa sababu kwenye bodi zenye vifaa vingi vinavyotegemeana ilikuwa vigumu kupanga kipi kiamshwe kwanza.

Makosa huanzia kwenye kulisoma jibu. Fankisheni nyingine ya kazi kama hiyo, irq_of_parse_and_map, hurudisha sifuri inaposhindwa. Mwandishi aliyezizoea zote mbili huchanganya kanuni: hukagua sifuri pekee, na hasi 517 ikapita kama namba halali. Mwingine huhifadhi jibu katika kigeu kisichokubali alama ya hasi. Hapo hasi 517 hugeuka kuwa 4,294,966,779, na swali la "je, ni chini ya sifuri?" halitajibiwa ndiyo kamwe.

Kosa la tatu hujificha zaidi. Draiva hugundua hitilafu, lakini badala ya kuipeleka juu kama ilivyo, hutoa hasi 19, yaani kifaa hakipo. Ni kama tarishi aliyeambiwa "njoo alasiri", akaenda kumwambia bosi kwamba ofisi imehama. Linux haitajaribu tena, na kifaa kizima hubaki kimelala.

Tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019, platform_get_irq huandika yenyewe ujumbe wa kosa, na kifaa kinachoweza kufanya kazi bila katizo kina fankisheni yake, platform_get_irq_optional. Kazi iliyobaki kwa mwandishi wa draiva ni ndogo: tumia kigeu kinachokubali hasi, kagua kama jibu liko chini ya sifuri, na likiwa hivyo, lirudishe bila kulibadilisha.