Shilingi Yenye Jina

Kuweka akiba ni kutenga sehemu ya kipato cha leo kwa ajili ya haja ya kesho. Kwa mwenye mshahara mnono jambo hilo ni la kuamua tu. Kwa mama lishe, mwendesha bodaboda, kibarua au mkulima wa nusu ekari, ni kazi inayohitaji ufundi, na sababu ziko mbili. Ya kwanza inajulikana: kipato ni kidogo. Ya pili husahaulika: kipato hakina ratiba. Leo zimeingia elfu ishirini, kesho mvua imenyesha kutwa na zimeingia elfu tatu. Matumizi makubwa nayo hayasubiri. Kodi ya nyumba hudaiwa kwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, sare na madaftari huja Januari, mbegu na mbolea huja kabla ya mvua za kwanza. Fedha huingia kwa matone na kutoka kwa ndoo.

Mpango mzuri wa fedha hauongezi shilingi hata moja kwenye kipato. Unachofanya ni kuyakusanya matone hayo hadi yajaze ndoo kabla siku haijafika. Wengi hukopa kwa sababu fedha waliyokuwa nayo miezi mitatu iliyopita ilikwisha bila kujulikana ilikokwenda.

Daftari kwanza

Hatua ya kwanza ni kuandika. Daftari la kawaida la shule linatosha: safu moja ya tarehe, moja ya kilichoingia, moja ya kilichotoka. Kila kitu huandikwa siku hiyohiyo, hata vocha na nauli. Baada ya wiki nne mwenye daftari huona asichokuwa akikiona. Bando la 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi na 365,000 kwa mwaka. Huenda ni matumizi halali, maana fundi asiye na bando hapati simu za wateja. Daftari halimhukumu mtu. Linampa hesabu ili aamue akijua.

Kwa wenye biashara ndogo daftari hufichua ugonjwa mmoja mkubwa, nao ni kuchanganya mtaji na faida. Mfano ni wa mama lishe anayeanza asubuhi na 60,000. Ananunua mchele, maharage, nyama, mafuta na mkaa. Jioni akihesabu anakuta 78,000, yaani faida ni 18,000. Humo anatoa 8,000 za chakula cha nyumbani, 2,000 za nauli, 5,000 za mchezo wa kuchangiana fedha na 5,000 za kupunguza deni la dukani. Jumla ni 20,000. Kesho yake ataanza na 58,000. Hakuna aliyemwibia, na hakuna alichofanya cha anasa. Lakini akiendelea hivyo kwa siku 26 za kazi atakuwa amekula 52,000 za mtaji, na zile 60,000 zitakuwa zimebaki 8,000. Kwa kweli atafika huko mapema zaidi, kwa sababu sufuria ikipungua na faida hupungua.

Dawa yake ni kutenga mtaji kwanza kila jioni, uingie kwenye mfuko wake kabla ya kitu kingine chochote, kisha mwenye biashara ajilipe posho isiyozidi faida ya siku. Anayefanya hivyo hujua mapema kama matumizi ya nyumbani yameizidi biashara.

Kuipa fedha jina

Mwendesha bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu anaijua kanuni kuu ya akiba, hata kama hajawahi kuiita hivyo. Kila siku hutenga hesabu ya tajiri kwanza, na kinachobaki ndicho chake. Hesabu haiguswi, kwa kuwa ina jina na ina mwenyewe. Akiba ni hesabu ambayo mtu anajipelekea mwenyewe. Anayesubiri kuweka kitakachobaki mwisho wa mwezi hakuti kitu.

Nguvu ya kuipa fedha jina imepimwa. Mwaka 2013 wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya, miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuzungushiana fedha. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wake, wakatakiwa kutaja kitu cha kulinda afya watakachokinunua. Jambo hilo peke yake liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, lakini ufunguo ukabaki kwa mtu wa mradi hadi lengo litimie. Kundi hilo halikunufaika kwa kiwango hicho, kwani watu husita kuifungia fedha mahali wasipoweza kuifikia wakipatwa na dharura.

Fundisho lake ni kubwa. Mwenye ufunguo angeweza kufungua kisanduku saa yoyote. Kilichomsaidia ni kuwa na mahali salama, na kujua kwamba fedha iliyomo ina kazi yake. Hata jirani au ndugu akija kuomba, ni rahisi kumwambia kwamba ile ni ya chandarua kuliko kumwambia hakuna.

Kwa kaya nyingi majina manne yanatosha: mtaji, matumizi ya siku, mambo ya msimu na dharura. Kila jina huwa na mkebe wake, bahasha yake au akaunti yake. Kiasi cha kutenga hutokana na lengo na tarehe. Kodi ya 50,000 kwa mwezi inayolipwa kila miezi mitatu ni 150,000, ambayo ni kama 1,670 kwa siku kwa siku 90. Mfano mwingine ni wa shule. Mwaka 2016 shule za serikali Tanzania ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Ikiwa vitagharimu 120,000, anayeanza Julai mosi ana siku 184 hadi mwisho wa Desemba, na anahitaji kama 650 kwa siku. Siku mbaya ataweka 200, siku nzuri 2,000. La msingi ni kutoruka siku.

Mahali pa kuweka

Kibubu ni shule ya kwanza ya akiba. Ni kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, chenye tundu jembamba juu. Hakina makato wala foleni, na kukivunja kunahitaji nyundo, hivyo mkono hupata muda wa kufikiri. Ubaya wake ni kwamba kikiibwa au nyumba ikiungua, hakuna wa kumdai.

Simu imeleta njia nyingine. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo wakala yuko karibu kila mtaa. Fedha ya simu ni salama kuliko ya chini ya godoro, lakini iko karibu mno na kidole. Anayeitumia kwa akiba hufaidika akiiweka kwenye akaunti ya akiba iliyo mbali na salio la matumizi. Makato nayo yahesabiwe, kwani anayetoa kidogokidogo mara nyingi hukatwa zaidi kuliko anayetoa mara moja.

Mchezo, au upatu, huwapa watu nidhamu ambayo wengi hawaipati wakiwa peke yao. Watu kumi wakichanga 10,000 kila wiki, kila wiki mmoja hupokea 100,000. Wa kwanza kupokea amekopeshwa bila riba, na wa mwisho amejiwekea akiba. Mchezo husimama kwa uaminifu wa kijumbe, yaani anayekusanya michango, na wa wanachama, hivyo unafaa kwa watu wanaofahamiana. Ahadi ya kuvuna mara kadhaa ya kilichopandwa kwa kuleta wanachama wapya ni kitu kingine kabisa. Huo ni upatu haramu, unaokatazwa na sheria, na wanaoingia mwisho hupoteza kila kitu.

Kikoba kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa huweka akiba na kukopesha. Mfumo uliozaa vikundi vya namna hii ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea sehemu nyingi za Afrika. Wanachama hukutana kila wiki na kununua hisa. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kuwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama hukopa kulingana na hisa zake, na riba anayolipa hurudi kwa wanachama siku ya kugawana. Anayenunua hisa mbili za 2,000 kila wiki kwa wiki 50 atakuwa ameweka 200,000, na gawio juu yake. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe. Anayetaka kujiunga aulizie usajili, katiba na daftari la hesabu kabla ya kutoa hata shilingi.

Fedha ikiwa nyingi kuliko inavyofaa kukaa nyumbani, mahali pake ni benki au SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Tanzania, Bodi ya Bima ya Amana hulinda fedha za mwenye akaunti ya benki hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika. Kenya kiwango ni shilingi 500,000 za nchi hiyo.

Kununua kwa kipimo

Mwenye fedha kidogo hununua kidogo, na anayenunua kidogo hulipa bei kubwa. Kipakti cha sukari cha gramu 100 kikiuzwa 400, kilo imefika 4,000, wakati kwenye mzani wa duka la jirani kilo inaweza kuwa 3,000. Ndivyo ilivyo kwa mafuta ya kupima, unga wa robo na mkaa wa kopo. Njia mojawapo ya kujinasua ni majirani wa nyumba moja ya kupanga kuchanga na kununua gunia la mkaa au la mchele, kisha kugawana kwa kipimo kilekile. Ununuzi huo wa jumla unafaa kwa vitu visivyoharibika, na kwa kaya inayoweza kuviona vimejaa bila kuongeza kipimo cha kila siku.

Deni linaloinua na deni linalozamisha

Mkopo wa cherehani itakayoleta kazi si sawa na mkopo wa sherehe ya siku moja. Swali la kwanza ni kama kitu kilichokopewa kitalipa rejesho lake chenyewe. Swali la pili ni bei ya mkopo. Anayekopeshwa 100,000 na kurejesha 130,000 ndani ya mwezi amelipa riba ya asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Mikopo ya namna hiyo mitaani huitwa kausha damu, na jina hilo ni la haki, kwa kuwa rejesho la kila siku hutoka kwenye mtaji. Benki Kuu ya Tanzania iliwawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayedai zaidi ya mara nane ya hapo, ijulikane anadai nini.

Mikopo ya simu nayo ipigiwe hesabu. M-Shwari ya Kenya, iliyoanza mwaka 2012, ilipanga ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Inaonekana ndogo, lakini anayekopa na kurejesha kila mwezi mwaka mzima hulipa asilimia 90.

Mwenye madeni kadhaa hufanya vizuri kuyaandika yote, aendelee kulipa kiwango cha chini kwa kila moja, na kila ziada aipeleke kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote. Likiisha, rejesho lake huhamia kwa linalofuata.

Akiba isioze

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mahindi yakiwekwa bila dawa hubunguliwa, na fedha huliwa na mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, 100,000 iliyolala kwenye kibubu itanunua mwakani kama kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 95,000. Kwa hiyo fedha ya dharura hukaa karibu, na fedha ya miaka mingi hutafutiwa mahali inapozaa. Tanzania ina mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo wa kwanza wake, Mfuko wa Umoja, ulianza mwaka 2005. Kenya ilitoa hatifungani ya M-Akiba mwaka 2017, ambayo mtu aliweza kuinunua kwa simu kuanzia shilingi 3,000 za nchi hiyo. Wengine hununua mbuzi, bati au tofali, na hizo nazo ni akiba, ingawa mbuzi hufa na tofali haliuziki usiku wa dharura.

Hakuna mpango unaosimama ikiwa nyumbani kila mtu ana lake. Mume, mke na watoto wenye umri wa kuelewa wakijua mkebe upi ni wa kodi na upi ni wa shule, mkebe hulindwa na wote. Ndugu wakiomba msaada, familia hupanga mapema kiasi cha kusaidia kwa mwezi, nacho hupewa jina lake kama mengine.

Haya yote huanza na daftari, kalamu na jioni moja. Anayesoma hapa asisubiri mwezi mpya wala mshahara mpya. Aandike leo kilichoingia na kilichotoka, achukue shilingi mia mbili, azipe jina, aziweke mahali pake.