Mtoto Huyu Si Mvivu, Mkono Wake Ndio Bado

Mimi nilisoma agronomia, si ualimu. Lakini mwaka jana dada yangu alinitumia mtoto wake wa miaka 7 hapa Bukavu, nimusaidie masomo. Ukimuuliza kwa mdomo, anajibu yote. Ukimupa kaye na biki, basi: herufi zinatoka nje ya mstari, karatasi inatoboka, na kisha mistari miwili anasema mkono unauma.

Mwalimu alisema ni mvivu, atarudia mwaka. Na mimi nilimugombeza, nikamuandikisha ukurasa mmoja mara tatu. Siku moja nilikuta kaye ameificha chini ya godoro. Hapo nikajua kosa ni langu.

Nilienda kuuliza mtaalamu wa kine. Alinieleza kama mkono hauanzi kukomaa kwenye vidole. Unaanza begani, unashuka kwenye kiwiko na kifundo, vidole ni vya mwisho. Kama bega na kifundo havitulii, mtoto anashika biki na ngumi, anakandamiza sana, anachoka mbio. Kumuongezea kurasa ni kama kumwaga mbolea nyingi kwenye mche wenye mizizi bado haijashika: unauunguza.

Basi tulianza hivi, dakika 10 kwa siku, si zaidi.

Kwanza, kikao. Miguu yake ilikuwa inaning'inia. Niliweka matofali mawili chini ili ikanyage. Viwiko vikae juu ya meza.

Pili, vidole bila biki. Kuchambua maharagi moja moja, kupukucha mahindi, kufinyanga udongo, kubana nguo kwenye kamba na vibanio. Kazi hizi ziko katika kila nyumba, hazina bei.

Tatu, herufi kubwa. Kwanza na kidole kwenye mchanga, kisha na chaki ukutani, kwenye kimo cha macho yake. Ukutani kifundo kinajifunza kukaa vizuri. Tulifundisha herufi kwa familia: c, o, a na d zinaanza na mviringo mmoja, basi zinaenda pamoja.

Ine, kipande kifupi cha kreyo. Kikiwa kifupi, ngumi haipati nafasi, vidole vitatu vinakishika vyenyewe. Biki ilirudi mwisho. Na kama mtoto anatumia mkono wa kushoto, musimulazimishe wa kuume.

Nilienda pia kumuona mwalimu, kwa heshima, nikamuomba amuulize masomo mengine kwa mdomo na apunguze kunakili. Alikubali.

Tena, kama mtoto anashindwa pia kufunga vifungo, kushika kijiko, ao anaanguka-anguka, mupeleke kwa munganga, na macho yapimwe. Iko shida inaitwa dispraksia, inagusa karibu watoto 5 kwa 100. Haihusu akili, na fimbo haiiponyeshi.

Kisha miezi mitano, mwandiko wake si mzuri, na angali anaandika polepole. Lakini jina lake linakaa juu ya mstari, na alipita na 58%.

Ninaandika hii kwa sababu sisi wenye lisansi ndio familia inatutumia watoto wa kusaidia. Mbele ya kusema "mvivu", angalia kwanza namna anashika kreyo. Wa kwetu sasa analeta kaye mwenyewe: "Mjomba, leo tunaandika nini?"