Jiwe la Mugere linamsubiri mwandishi

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, unapita Kanyosha, kisha Ruziba, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Ni njia ya mawese na ndagala. Mbele ya Ruziba, pale Mugere, lipo jiwe kubwa lililochorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wako wageni wanaopiga picha na kuondoka wakiamini kuwa hapo ndipo Stanley alipompata mzee aliyekuwa akimtafuta. Sivyo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji. Huku walikuja kwa mtumbwi kuchunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walilala kwa chifu Mukamba siku mbili, na safari hiyo ikawathibitishia kwamba unaingia.

Majina mawili tu, kana kwamba mtumbwi ulijipiga kasia wenyewe. Wapiga makasia, mpishi, watu wa Mukamba waliotoa chakula na mahali pa kulala, jiwe haliwajui. Mwanahistoria akikosa maandishi hapa atasita, na ana haki. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati.

Lakini kazi hiyo inamlisha mtu? Tumtazame jirani yetu Jennifer Nansubuga Makumbi, aliyezaliwa Kampala mwaka 1967. Alikuwa mwalimu Uganda kabla ya kwenda Manchester kusomea uandishi wa kubuni. Riwaya yake, Kintu, aliianza mwaka 2003, na ikaingia katika masomo yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Lancaster. Wachapishaji wa Uingereza waliiona ya Kiafrika mno. Mwaka 2013 mswada huo ukashinda shindano la wachapishaji Kwani? wa Nairobi, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka Nairobi hiyohiyo. Marekani na Uingereza walikichapisha baadaye.

Zaidi ya miaka kumi kwa kitabu kimoja! Mwenye nyumba hangoji sura ya mwisho. Ndiyo maana waandishi wengi wa namna hii wana darasa, na Makumbi naye amefundisha uandishi wa kubuni katika vyuo vikuu vya Uingereza. Mwaka 2018 alipata tuzo ya Windham-Campbell, dola 165,000. Ni fedha nyingi zikitajwa kwa mkupuo. Zigawe kwa miaka ya kutoka 2003 hadi tuzo hiyo, utapata dola 11,000 kwa mwaka.

Mimi, hata hivyo, tuzo hainishangazi kama alivyothubutu kuacha mambo. Kintu inafunguliwa Bwaise mwaka 2004, mtu akiuawa na umati. Halafu inarudi hadi 1750, kwa mkuu wa Buddu anayevuka nyika kwenda kumwamkia kabaka mpya, kisha inatufikisha kwa vizazi vyake vya leo. Wakoloni wako wapi? Karibu wote wamerukwa. Mwandishi mwoga angewapa sura tatu, asije akaambiwa hajui historia.

Uthubutu huo ndio mgumu kuufundisha. Katika madarasa ya uandishi wa kubuni mwanafunzi huleta kurasa zake, wenzake wakazisoma na kuzichambua, na mara nyingi yeye hutakiwa kunyamaza na kusikiliza. Anayeandika historia hujulikana upesi: amesoma vitabu ishirini na anataka vyote vionekane. Hapa Bujumbura hatuanzii patupu, kwani vijana wamekuwa wakisomeana maandiko yao katika mikutano ya Samandari, ambayo Roland Rugero, mwandishi wa Baho!, ni miongoni mwa waanzilishi wake.

Basi tuseme kijana wa Ruziba analeta darasani kurasa za kwanza kuhusu Mugere. Ya Stanley atayapata kwa Stanley mwenyewe, aliyeandika kwa kirefu. Sauti za watu wa misafara azitafute katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Simulizi za aina hiyo, wahakiki wameonyesha, zimelisha Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kama Peponi. Na aandike Kiswahili bila haya. Misafara ya Ujiji ilikizungumza, na hapa mjini, mtaa wa Buyenzi, wanakizungumza hadi leo.

Ningekuwa mwalimu wake ningempa sharti moja: Stanley asitamke neno kabla ya ukurasa wa hamsini. Aanze na Mukamba akiletewa habari kuwa kuna mtumbwi unakuja. Ni nani hao, wanataka nini, wana nguo kiasi gani za kutoa, na jirani zake watasemaje akiwapokea? Wazungu wale wakiingia, waingie kama wageni wengine, wakingoja mwenye nyumba aamue.