Google au Masika?

Aprili ni mwezi wangu wa kupigiwa simu. Natunza tovuti za kampuni ndogo za utalii hapa Moshi, na masika yakishakolea, lazima mwenye kampuni mmoja atanitafuta: "Kaka, Google imetushusha. Wiki nzima hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza bei." Nami humuuliza, "Bosi, Aprili ya mwaka jana waliuliza wangapi?" Wengi hunyamaza.

Mwaka 2024 jambo hili lilichanganya zaidi. Google ilianza kusambaza sasisho kuu tarehe 5 Machi, likakamilika tarehe 19 Aprili. Mvua na sasisho vikaingia pamoja. Aliyelinganisha Aprili na Februari, Mlima Kilimanjaro ukiwa umejaa watu, aliona msiba. Aliyelinganisha Aprili na Aprili iliyopita aliweza kujua kipi ni cha mvua na kipi ni cha Google.

Google hupanga matokeo kwa algoridhimu, yaani kanuni za kihesabu zinazopima kama ukurasa unajibu swali, na tovuti zipi nyingine zimeuwekea kiungo. Kanuni hizo hurekebishwa kila mara bila sisi kujua. Ila mara chache kwa mwaka hurekebishwa kwa mpigo, hayo ndiyo masasisho makuu, na hapo ndipo vilio husikika. Sasisho lililoitwa Panda, la Februari 2011, lilishusha kurasa nyepesi na za kunakili. Google yenyewe ilisema liligusa takriban asilimia 11.8 ya utafutaji nchini Marekani. Penguin likafuata Aprili 2012, likiwalenga waliokuwa wakinunua na kujitengenezea viungo. Aprili 2015 ikawa zamu ya tovuti zisizosomeka vizuri kwenye simu.

Watu husema "tumefungiwa", lakini adhabu ni kitu kingine. Wakaguzi wa Google wakikuadhibu, taarifa utaikuta ndani ya Search Console, chombo chao cha bure kwa wenye tovuti. Sasisho halikuandikii. Unaweza kushuka bila kosa lolote, kwa sababu tu mwenzako sasa anaonekana kujibu vizuri zaidi.

Ndiyo maana maandalizi huanza kabla ya sasisho. Search Console hutunza takwimu za miezi 16 tu, basi zipakue mapema. Sasisho likimalizika, Google hushauri usubiri wiki nzima, kisha ulinganishe wiki hiyo na wiki iliyotangulia kuanza kwake. Ukishuka kutoka nafasi ya pili hadi ya nne, tulia. Kutoka ya nne hadi ya ishirini na tisa, hapo kaa chini usome kurasa zako upya, kwa jicho la mgeni.

Na kurasa zetu, jamani! Kila tovuti mjini inakwambia kuwa kati ya njia za kupanda mlima, Marangu ni njia ya Coca-Cola na Machame ni ya Whiskey, kwa maneno yaleyale, mengine yakiwa na makosa yaleyale ya tahajia. Kwa nini Google ichague yako? Kumbe mpagazi wako anajua kwamba maji ya mwisho huchotwa bonde la Karanga, yakabebwa kichwani hadi kambi ya Barafu. Andika hilo. Weka jina la aliyelieleza na picha mliyopiga wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo kinga, ingawa hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi. Anayekuuzia hakikisho hilo, mpe chai aende zake.

Majuzi bosi mmoja alitaka nifute kurasa zake zote za njia ya Umbwe, eti hazina wasomaji. Nilimwambia wanaopanda Umbwe ni wachache hata kwenye mlima wenyewe. Tumekubaliana kurasa zibaki, ila amkalishe mpishi wake mkuu, amrekodi akieleza anavyopanga chakula cha siku sita kambini, nami niandike ukurasa wa Umbwe kutokana na maelezo yake kabla wageni wa Juni hawajaanza kutafuta.