JIONI YA KUSOMEANA: LUGHA GANI?



Wengine wanauliza ginsi gani waandishi wanakaa pamoja kusomeana kazi zao, na kuna faida gani. Tueleze kwa mfano mmoja wa kweli.

Mwezi wa Juni 1962, chuo cha Makerere kule Kampala kilipokea waandishi wa Afrika. Nigeria walitoka Chinua Achebe na Wole Soyinka, Afrika ya Kusini Ezekiel Mphahlele, Kenya Grace Ogot. Hata Langston Hughes wa Marekani alifika. Walichambua riwaya, hadithi fupi, mashairi na michezo ya kuigiza. Faida yake ni hii: mwandishi akiwa peke yake anajisifu bure ao anakata tamaa bure. Mbele ya wenzake anasikia mahali neno lake limefika na mahali limeanguka njiani.

Pale palikuwa mwanafunzi wa Makerere, James Ngugi, aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikuwa na hadithi fupi mbili tu zilizochapwa, moja katika Penpoint, gazeti la palepale chuoni. Alimwomba Achebe asome maandiko ya riwaya yake. Mwaka 1964 riwaya hiyo, Weep Not, Child, ikatoka kuwa kitabu. Basi tusidharau karatasi kama hizi zetu.

Lakini mlango wa mkutano ule ulikuwa mwembamba: ni wenye kuandika Kiingereza tu walioalikwa. Shaaban Robert wa Tanga alikuwa na vitabu vingi vya Kiswahili, kama Kusadikika cha mwaka 1951, lakini hakuwa na nafasi. Akafariki mwezi uleule wa Juni. Ngũgĩ mwenyewe aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1986: yeye kijana wa hadithi mbili aliingia, mzee wa vitabu alibaki nje, sababu ya lugha.

Hatusemi Kiingereza hakikusaidia. Pasipo hicho, mtu wa Nigeria na mtu wa Kenya wangeangaliana tu. Achebe alitoa jina la kitabu chake Things Fall Apart (1958) katika shairi la W. B. Yeats wa Ireland. Watu wa Ireland nao wana lugha yao ya zamani, lakini Yeats aliandika kwa Kiingereza. Lugha ya mgeni inaweza kubeba mzigo. Shida ni pale inapokuwa ufunguo wa mlango.

Sasa tutazame kwetu Rurambo. Darasani tunaandika Kifaransa, uwanjani tunasema Kiswahili, nyumbani Kifuliru, Kinyindu ao Kinyamulenge. Jioni ya Kifaransa peke yake itakuwa ya mwaka wa tano na wa sita, na wadogo watapiga makofi tu. Tena mwenye hadithi ya bibi yake atanyamaza.

Shauri letu: kila mtu asome kwa lugha aliyoandikia, polepole, kisha aeleze kwa Kiswahili, na mazungumzo yawe kwa Kiswahili, sababu hicho tunacho sisi wote. Anayesikiliza asicheke lugha ya mwenzake. Aulize juu ya kazi, si juu ya ukoo. Na mwenye kuandika Kifaransa asome Kifaransa bila haya.

Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia kwenda zetu. Mwenye maandiko, hata ukurasa mmoja, ampe mkubwa wa darasa lake.