Noti kubwa ikikataliwa: ya kujua kabla hujatoka Kesses kwenda nje

Yule mtu wa boda boda aliitazama noti ya shilingi 50,000 ya Uganda, halafu akanitazama mimi. Nauli ilikuwa 5,000. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi Kampala, maduka mengi bado yamefungwa, na mimi na shangazi tulikuwa tumeshuka sasa hivi kutoka basi la usiku la Eldoret. Shangazi anauza nguo hapa Kesses na alikuwa anaelekea soko la Owino. Pesa tulikuwa nazo, tena za kutosha. Shida ni kwamba zote zilikuwa noti za 50,000, na hakuna aliyekuwa na chenji. Mwishowe tulinunua chai na chapati ambazo hakuna aliyezitaka, ili tu noti moja ivunjwe.

Hiyo 50,000 ni kama shilingi 1,800 hivi za Kenya. Si utajiri. Lakini ndiyo noti kubwa zaidi ya Uganda, na asubuhi na mapema ni kama umempa mtu wa boda hundi.

Najua unachofikiria. Sisi ni kampuni ya malipo ya simu, kwa nini tunaongea kuhusu makaratasi? Kwa sababu saa chache za kwanza ukiwa nje ya nchi, mara nyingi pesa taslimu ndizo zitakuokoa: laini yako bado inatafuta mtandao, wakala humjui, na dereva anataka pesa yake sasa.

Noti inayopendwa Eldoret haipendwi kila mahali

Ukipeleka dola kwenye duka la kubadilisha pesa Eldoret, Kampala au Arusha, utagundua noti za 100 na 50 zinapewa bei nzuri kuliko za 20, 10 au moja. Ni rahisi kuelewa. Mwenye duka lazima ahesabu, akague na ahifadhi kila noti. Noti mia moja za dola moja ni kazi ileile mara mia, kwa thamani ya karatasi moja tu.

Mwaka wa noti pia unaangaliwa. Dola 100 yenye utepe wa buluu ilianza kutolewa Oktoba 2013, na hiyo ndiyo kila mtu anataka. Zile za zamani, hasa zenye picha ya kichwa kidogo, mara nyingi hukataliwa huku kwetu au kununuliwa kwa bei ya chini. Cha kushangaza ni kwamba Marekani yenyewe haijazifuta, kwao bado ni pesa halali. Lakini duka la hapa linaogopa noti bandia, na linaogopa kukwama na noti ambayo mteja wa kesho ataikataa. Noti iliyochanika au iliyoandikwa kwa kalamu nayo hupata shida hiyohiyo. Kwa hivyo ukinunua dola, kagua kila moja hapo hapo dirishani kabla hujaondoka. Usione haya.

Sasa geuza safari. Kijana mmoja wa huku kwetu, mkimbiaji, alienda Marekani kwa mashindano. Alikuwa amenunua dola zake vizuri kabisa kwa kanuni za Eldoret: noti za 100 tupu, mpya, safi. Alifika usiku. Duka lililokuwa karibu na hoteli lilikuwa limebandika karatasi kwamba halipokei noti inayozidi 20. Basi la mjini lilitaka nauli kamili, halina chenji. Alilala na njaa akiwa na dola mia tano mfukoni, siku mbili kabla ya mbio. Mwanariadha!

Ulaya ni vivyo hivyo. Noti ya euro 500 iliacha kutolewa mwaka wa 2019. Bado ni halali, lakini jaribu kununua nayo mkate uone. Uingereza, noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kutumika madukani baada ya 30 Septemba 2022, sasa ni za plastiki tu. Kwa hivyo kama kuna mgeni aliyewahi kukuachia pauni za karatasi na umeziweka ndani ya Biblia, usizitegemee kwa nauli ya kutoka uwanja wa ndege. Za aina hiyo hubadilishwa kupitia Benki Kuu ya Uingereza.

Mimi ningefanya hivi: kama unaenda Marekani au Ulaya na unanunua 500, omba 300 kwa noti kubwa na 200 kwa noti za 20, 10 na 5. Utalipa bei mbaya kidogo kwa zile ndogo, ni sawa. Kama unaenda Uganda au Tanzania, dola 100 safi ni akiba nzuri ya dharura, lakini za matumizi ziwe pesa za huko, zikiwa zimevunjwa. Tanzania hasa: tangu Machi 2025 kanuni zao zinakataza kuuza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa pesa za kigeni.

Shilingi yetu nayo inaweza kukataliwa

Wengi huficha noti za elfu moja nyumbani kwa ndugu aliye ng'ambo, au hurudi nazo kutoka safari na kuzisahau kwenye begi. Kumbuka 2019. Tarehe 1 Juni, Madaraka, ilitangazwa kwamba elfu moja ya zamani itakufa baada ya 30 Septemba. Mwezi huohuo benki kuu za Uganda na Tanzania zikabana ubadilishaji wa shilingi ya Kenya upande wao. Mfanyabiashara aliyekuwa amekaa na noti hizo nje ilibidi azirudishe nyumbani haraka na ajieleze. Mwishowe noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi, shilingi bilioni 7.4 zikawa karatasi tu.

Malaba, na simu yako

Ukifika Malaba utawaona wabadilishaji wa barabarani wakiwa na mafungu ya noti. Wengine ni waaminifu. Lakini usiku, basi likipiga honi, hapo ndipo watu huumia: noti iliyokunjwa katikati huhesabiwa mara mbili, na sifuri za Uganda ni nyingi. Piga hesabu kwa simu yako mwenyewe, hesabu noti moja moja kabla hujatoa zako, na usiruhusu akuchukulie fungu "alirekebishe". Ikiwezekana, badilisha kiasi kidogo mapema Eldoret kwenye duka lenye leseni, upewe risiti. Na uombe za 5,000 na 10,000, si za 50,000 tupu.

Kuhusu simu: kabla hujaondoka, hakikisha laini yako imewashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, na ujaribu kupokea ujumbe ukishavuka. Ile nambari ya kuthibitisha malipo huja kwa laini hiyo. Usipoipata, salio lako lipo lakini hulifikii. Tumepigiwa simu nyingi za aina hiyo, na ukiwa tayari uko nje kusaidiwa huchukua muda mrefu zaidi.

Kubeba pesa nyingi si kosa, ila ukiingia au kutoka Kenya na dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa pesa nyingine yoyote, ni lazima utangaze kwa forodha. Marekani wanahesabu familia inayosafiri pamoja kama mfuko mmoja, kwa hivyo kugawia watoto bahasha hakusaidii.

Na sarafu zimalizie hukohuko. Maduka ya kubadilisha pesa hayazichukui. Shangazi bado ana kikombe kizima cha sarafu za Uganda pale dukani, watoto wanachezea.