Ubongo wa mtoto unaanza mbele ya mama kujua kama ana mimba

Hapa kwetu, mama wengi wanaanza CPN wakati tumbo limeshaonekana, miezi minne ao mitano. Wakati huo, kazi moja kubwa imeshaisha zamani: kuweka msingi wa ubongo na mgongo wa mtoto.

Inafanyika namna gani? Katika wiki ya tatu kisha mimba kushika, mtoto angali mdogo kuliko punje ya mchele. Mgongoni kwake kunakuwa kama kitambaa chembamba. Kitambaa hicho kinajikunja, kingo zake mbili zinakutana na kushikana, kinakuwa sawa tiyo. Karibu siku ya 28, tiyo imefungika. Siku hizo, mama anafikiri tu hedhi imechelewa.

Upande wa juu wa tiyo unakuwa ubongo. Upande mwingine unakuwa ile kamba inayopita ndani ya mifupa ya mgongo. Toka pale, mishipa ya fahamu inaenda mikononi, miguuni mpaka kwenye kibofu. Ndiyo inapeleka habari kwa ubongo na kurudisha amri.

Kama tiyo haikufungika chini, mtoto anaweza kuzaliwa na kivimbe mgongoni na miguu bila nguvu. Mara nyingi maji yanajaa pia kichwani. Kama haikufungika juu, ubongo haujengeki, na mtoto hawezi kuishi.

Wengine wanasema ni ulozi, ama wanamfukuza mama. Hapana. Hata mama aliyejichunga vizuri inaweza kumfikia. Mtoto wa kivimbe apelekwe haraka hospitali kubwa. Operesheni inafaa kufanywa katika siku za kwanza.

Kuna njia ya kupunguza hatari: vitamini inayoitwa asidi foliki. OMS inashauri mikrogramu 400 kila siku, toka wakati mwanamke anatafuta mimba mpaka wiki ya 12. Maharagi na lengalenga vinayo pia, lakini chakula peke yake mara nyingi hakitoshi.

Kwa hiyo, baba na mama wakipanga kuzaa, waulize kidonge hicho kwenye kituo cha afya mapema, na CPN ya kwanza ifanyike mbele ya wiki ya 12. Mama anayekunywa dawa ya kifafa asiiache peke yake. Amuone muganga kwanza. Na yule aliyeshazaa mtoto wa namna hiyo amwambie muganga mbele ya mimba ingine, kwani atahitaji kipimo kikubwa zaidi.